Upinde wa Kuchonga Nyumbani na Jinsi ya Kuujaribu

Habari ya leo ni habari ya upinde. Ni habari ya jinsi mtu awezavyo kuchonga upinde wa mti nyumbani kwake kwa panga, kisu na tupa, na jinsi impasavyo kuujaribu kabla ya kuuamini.

Huenda wengine watasema, "Upinde ni kitu cha zamani, una kazi gani siku hizi?" Swali hilo ni la haki, nalo litajibiwa. Lakini kwanza yafaa kila mtu ajue kwamba upinde si fimbo iliyofungwa kamba. Ni chombo chenye hesabu ndani yake. Asiyeijua hesabu hiyo huvunja upinde wake, au huumia mwenyewe, au humwumiza mwenziwe aliyekuwa akipita njiani bila habari.

CHOMBO CHA KALE

Huko Nataruk, karibu na ziwa Turkana, wataalamu walifukua mifupa ya watu wasiopungua 27 walioishi miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Katika mifupa ya baadhi yao zilionekana alama za majeraha yanayodhaniwa kuwa ya mishale, na kipande cha jiwe kali kilikuwa kingali kimekwama katika fuvu. Basi inaelekea kwamba upinde ulikuwamo katika nchi hii kabla ya jembe la chuma, na hata kabla ya ng'ombe.

Wala si Afrika peke yake. Mwaka 1545 merikebu ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, jina lake Mary Rose, ilizama karibu na pwani ya nchi hiyo. Chombo hicho kilipandishwa juu mwaka 1982, na katika mabaki yake zilipatikana pinde zaidi ya 130 zilizo nzima. Wataalamu walipozipima waliona kwamba nyingi zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuzivuta, yaani kilo 45 na zaidi.

Mtu akistaajabia nguvu hizo, na asisahau kwamba hapa Kenya walikuwapo watu waliozifikia. Katika nchi kavu ya Tsavo na kandokando ya mto Galana, Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu, walichonga pinde ndefu ambazo nazo zilihitaji zaidi ya ratili 100 kuzivuta. Kwa pinde hizo na mishale iliyotiwa sumu waliwinda hata ndovu. Hawakuwa na kitabu wala mizani. Elimu yao ilikaa katika vidole na macho, na baba aliwafundisha wanawe kwa kwenda nao porini.

Mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948, kazi hiyo iligeuka kuwa kosa mbele ya sheria. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa wanyama waliendesha msako mkubwa, na Waata wengi walitiwa gerezani. Serikali iliwaita majangili; wao walijiona wawindaji katika nchi ya baba zao. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, ambao kusudi lake lilikuwa kuwapa Waata kazi ya kuwinda kwa halali, lakini mpango huo haukudumu. Hata mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya yote. Ndovu walihitaji kulindwa, hapana ubishi. Lakini ni kweli pia kwamba kazi ilipokatazwa, shule ya kazi hiyo ilifungwa pamoja nayo.

KAZI YAKE SIKU HIZI

Sasa lile swali: upinde una kazi gani leo? Kazi yake ni mchezo na mafunzo. Katika Michezo ya Olimpiki mashindano ya upinde yamekuwamo bila kukatika tangu mwaka 1972. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Kenya iliwakilishwa katika mchezo huo na Bibi Shehzana Anwar, naye ndiye aliyeibeba bendera ya taifa siku ya ufunguzi. Shabaha ya Olimpiki huwekwa mita 70 kutoka kwa mpigaji. Duara la katikati lenye alama 10 lina upana wa sentimita 12 na kidogo. Kisahani cha chai ni kipana kuliko hilo.

Pinde za mashindano hayo hutengenezwa viwandani, na bei yake ni kubwa kwa kijana wa shambani. Lakini macho, pumzi, mkono uliotulia na subira havinunuliwi dukani. Kijana wa Shianda aliye na upinde mzuri wa mti aweza kuanza kujifunza yote hayo leo. Jambo kubwa ni kwamba upinde wenyewe uwe mzuri, na uzuri wa upinde haujulikani kwa kuutazama ukiwa umetundikwa ukutani. Hujulikana kwa majaribio.

KUKUNJIKA NA KURUDI

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii ni ya kweli katika malezi ya watoto, na ni ya kweli kwa mtu afumaye kikapu. Lakini mchongaji wa upinde akiifuata ataharibu kazi yake. Fito mbichi hukunjika kwa urahisi, lakini hairudi. Kijana akikata fito asubuhi na kuitia ugwe jioni, siku mbili tatu upinde huo utarusha mishale, kisha utabaki umepinda hata ugwe ukifunguliwa. Umechoka kabla ya kuanza.

Kila kijiti hukunjika. Sifa ya upinde ni kurudi. Mpigaji anapovuta ugwe, nguvu za mikono yake huingia katika mti na kutunzwa humo kama akiba. Anapoachia, mti hunyoka kwa haraka na kuutia mshale nguvu zile. Ubao usioweza kurudi ni kama mtu akopaye asilipe: hupokea nguvu nyingi na kutoa chache.

Upinde una pande mbili ambazo lazima zitofautishwe. Upande unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na upande unaomwelekea mpigaji huitwa tumbo. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti upande wa mgongo hunyoshwa kwa nguvu, na zile za upande wa tumbo hubanwa. Mgongo ukikatwa hata kidogo, nyuzi zake hukatika na kupasuka kuanzia pale palipokatwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba kisu huchonga tumbo na ubavuni tu, mgongo haukatwi.

KUCHAGUA MTI NA KUUKAUSHA

Katika Afrika Mashariki miti ya jamii ya mkole imesifiwa kwa pinde. Lakini upande huu wa Mumias na Butere hakuna haja ya kwenda mbali, kwa maana mpera umejaa katika boma za watu. Mti wake ni mgumu, wenye nyuzi zilizoshikana, nao hurudi vizuri. Watoto wanaokata panda za manati huujua vyema. Ganda lake ni jembamba na hutoka kwa urahisi, hivyo mgongo wa upinde hupatikana bila kuumizwa.

Mti na ukatwe katika shamba la mtu mwenyewe, au kwa ruhusa ya mwenye shamba. Msitu wa Kakamega unalindwa na sheria, na ukataji wa miti humo bila kibali ni kosa, hata ikiwa ni fito moja tu.

Itafutwe sehemu iliyonyooka, isiyo na vifundo, yenye unene wa inchi 3 hivi, na ndefu kupita kimo cha mpigaji kwa shibiri moja. Ipasuliwe katikati kwa shoka na kabari. Ganda liondolewe polepole kwa kisu butu, na mgongo ule laini ulio chini ya ganda uachwe kama ulivyo. Kisha ncha zote mbili zipakwe rangi ya mafuta au nta ya nyuki. Sababu yake ni kwamba maji hutoka katika ncha upesi kuliko mahali pengine, na pasipozibwa mti hupasuka kuanzia huko.

Baada ya hayo mti ulazwe juu ya boriti, kivulini, mahali penye hewa. Jua kali halifai, wala moto wa karibu. Katika nchi hii yenye mvua nyingi kazi ya kukausha yataka miezi, si siku. Lakini mtu asikae akikisia. Autie mti katika mizani kila Jumamosi na kuandika uzito wake katika daftari. Juma la kwanza uzito utapungua sana, la pili kidogo, la tatu kidogo zaidi. Uzito ukikaa majuma matatu bila kubadilika, mti umekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu. Hilo ni jaribio la kwanza, nalo halina gharama isipokuwa kuazima mizani ya mwenye duka.

KUCHONGA

Upinde wa mtu mzima ufanywe mrefu kama kimo chake, yaani futi 5 na nusu au zaidi kidogo. Mfupi hupendeza kubebwa, lakini mti wake hukunjwa mno, na kukunjwa mno ndiko kuvunjika. Mchongaji avute uzi uliopakwa makaa kutoka ncha hadi ncha ili kupata mstari wa katikati. Kati kati kabisa aache inchi 4 za mshikio, ambapo mti utabaki mnene na mgumu. Kila upande wa mshikio ni bawa la upinde. Bawa lianze na upana wa inchi 1 na nusu, liende hivyo hadi nusu yake, kisha lipungue taratibu hata nusu inchi penye ncha.

Upana ni kazi rahisi. Unene ndio wenye siri. Ubao ukiongezwa upana mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili. Lakini ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake huongezeka mara nane. Na kinyume chake ni vivyo hivyo: mchongaji akipunguza unene wa bawa kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu wa mahali pale hupungua zaidi ya robo. Ndiyo sababu panga hutumika siku ya kwanza tu. Siku ya pili ni zamu ya tupa, na mwishoni ni zamu ya kipande cha kioo na msasa. Mti ukishatoka haurudishwi.

Penye kifundo kidogo, na paachwe mti kidogo zaidi kukizunguka. Wahenga walisema kwamba kamba hukatika pabovu, na upinde nao ni hivyo hivyo. Hauvunjiki kwa sababu wote ni dhaifu. Huvunjika kwa sababu mahali pamoja pamekunjika kuliko mahali pengine.

KUSAWAZISHA MABAWA

Bawa likianza kulegea kidogo linaposukumwa chini kwa mkono, ndipo kazi ya kusawazisha huanza, na hapo ndipo wachongaji wengi huharibu. Zikatwe alama ndogo ubavuni mwa kila ncha, si mgongoni, ili ugwe ushike. Ufungwe ugwe mrefu uliolegea. Kisha mshikio ulazwe juu ya kigingi kilichopigwa katika nguzo imara, mgongo ukiwa juu na ugwe ukining'inia chini. Mtu mmoja avute ugwe taratibu kwa kamba, na mwingine asimame hatua nne mbali atazame.

Atazame nini? Atazame kama mabawa mawili yanakunjika sawasawa, kama mbalamwezi. Akiona bawa la kushoto limekaa gumu, apunguze tumbo lake. Akiona mahali pamoja pamekunjika kama kiwiko cha mkono, asipaguse tena, bali apunguze kulia na kushoto kwake. Kila mara akwangue kidogo, kisha avute mara 20 au 30 kabla ya kutazama tena, kwa kuwa mti hautoi habari zake mara moja.

Iko sheria moja isiyovunjwa: upinde usivutwe kupita pale kosa lilipoonekana. Ikiwa bawa moja limeonekana gumu ugwe ukiwa umevutwa inchi 6, hakuna sababu ya kuvuta inchi 8 mpaka bawa hilo limerekebishwa. Mwenye haraka husema, "Nivute tu nione mwisho wake." Huuona kweli: mti hulia, na kazi ya miezi mitatu inakuwa kuni.

UGWE

Ugwe mzuri haunyoshiki. Kamba ya nailoni ya dukani hunyoshika kama mpira na kumeza nguvu za upinde, tena hurefuka siku hata siku. Nyuzi za mkonge zilizosafishwa na kusokotwa vizuri zafaa kwa upinde mwepesi, na uzi imara wa polista, wa aina itumiwayo na washona viatu, wafaa zaidi. Usokotwe kwa nyuzi nyingi ili mmoja ukikatika mingine ishike, kisha upakwe nta ya nyuki.

Upinde ukishatiwa ugwe wake mfupi, nafasi kati ya mshikio na ugwe iwe inchi 6 hivi. Wasio na kipimo huweka ngumi juu ya mshikio na kusimamisha kidole gumba. Kidole kikigusa ugwe, nafasi inatosha. Baada ya mazoezi ugwe ufunguliwe. Upinde uliolala na ugwe usiku kucha huamka mchovu.

MAJARIBIO

Daktari Saxton Pope wa Kalifornia, Marekani, alijifunza kuchonga pinde kwa Ishi, mtu wa kabila la Wayahi, aliyetokea peke yake mwaka 1911 baada ya jamaa zake wote kwisha. Ishi alifariki mwaka 1916, naye Pope hakuishia katika kumsifu rafiki yake. Alichukua pinde za mataifa mbalimbali, akapima kwa mizani nguvu za kila mmoja, akapima na umbali ambao mishale yake ilifika, akaandika. Kwa njia hiyo sifa za maneno matupu ziligeuka kuwa hesabu. Mchongaji wa Shianda naye aweza kufanya vivyo hivyo kwa vitu vichache: mizani ya kuning'iniza, kijiti chenye alama za inchi, na daftari.

Jaribio la kwanza ni la nguvu. Upinde ukiwa juu ya kigingi, ndoana ya mizani ishikwe katika ugwe na kuvutwa chini taratibu. Inchi hupimwa kutoka mgongo wa mshikio hadi ugwe. Kwa mfano, mizani ikisoma ratili 10 penye inchi 12, ratili 15 penye inchi 16, ratili 20 penye inchi 20, na ratili 25 penye inchi 24, mwendo ni mzuri, maana ratili zinapanda kwa kadiri moja. Lakini ikiwa kati ya inchi 20 na 24 mizani inaruka kwa ratili 12 au 15, upinde unasema kwamba umefika mwisho wake. Mpigaji asiuvute kupita hapo, hata mikono yake ikiwa mirefu. Kwa kijana anayejifunza, ratili 20 hadi 30 zatosha. Anayejivunia upinde asioweza kuutuliza hajivunii upinde, anajivunia kutetemeka kwake.

Jaribio la pili ni la kurudi. Kabla ya kutiwa ugwe kwa mara ya kwanza, upinde usimamishwe kando ya ukuta ulionyooka na kupimwa. Baada ya kuvutwa mara 100 ufunguliwe na kupimwa tena pale pale. Ukiwa umepinda inchi 1, ni mzuri sana. Ukiwa umepinda inchi 2, utafanya kazi. Ukizidi inchi 3, ama mti haukukauka, ama mahali pamoja pamechongwa kupita kiasi.

Jaribio la tatu ni la macho na vidole. Mchongaji apitishe pamba juu ya mgongo wote. Pamba ikikwama, kuna uzi wa mti ulioinuka, na huo ni mwanzo wa kupasuka. Kisha atazame tumbo akiligeuza juani. Akiona vimistari vyembamba vilivyokata bawa kwa upana, nyuzi zimebanwa zikashindwa. Upinde wa namna hiyo usirekebishwe kwa gundi wala kufungwa kamba ili uuzwe. Ukatwe.

Jaribio la nne ni la mishale. Mishale yaweza kufanywa kwa matete yaliyokomaa na kukauka, au vijiti vilivyonyoshwa kwa joto la moto, yenye manyoya matatu ya kuku. Yote iwe na urefu mmoja na uzito mmoja. Kwa upinde wa ratili 30 mshale usipungue gramu 20, maana mshale mwepesi mno huuacha mti na nguvu zilizobaki bila kazi, nazo huurudia upinde wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, ni mwiko kuvuta ugwe na kuuachia bila mshale. Pinde nyingi nzuri zimevunjwa na wageni waliosema wanajaribu tu.

Mpigaji asimame hatua kumi kutoka shabaha, apige mishale sita, kisha apime upana wa mahali ilipochoma. Akirudia juma baada ya juma, daftari litamwambia kama anaendelea au amesimama.

MAHALI PA KUPIGIA

Sasa yafuata jambo lenye uzito kuliko yote. Upinde wa ratili 30 ulio mzuri huweza kurusha mshale kwa mwendo unaopita kilomita 100 kwa saa, na mshale huo ukielekezwa juu waweza kwenda zaidi ya mita 100. Katika nchi ya mashamba ya miwa, mita 100 si uwanja; ni njia ya watu. Muwa hauzuii mshale, lakini huficha mtu. Aliyemo ndani akipalilia haonekani, wala mtoto akataye njia kwenda shule. Basi mtu yeyote asipige mshale kuelekea miwa au mahindi marefu, hata akiwa na hakika kwamba hakuna mtu.

Gunia lililoshindiliwa majani makavu liwekwe mbele ya kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo ulio mrefu kupita mtu. Watazamaji wote wakae nyuma ya mpigaji. Hakuna aendaye kuchukua mishale mpaka pinde zote zimewekwa chini. Mishale ya kujifunzia iwe na ncha butu, na mtoto asiachiwe upinde bila mtu mzima. Jicho likitobolewa halirudi.

Tena upinde si wa kulipia kisasi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mishale ilijeruhi na kuua watu katika Bonde la Ufa, majirani waliokuwa wakinunua chumvi katika duka moja. Wala si wa kuwindia: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza, na nyani alaye mahindi ni wa kuripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, si wa kufumwa. Sumu haina nafasi yoyote katika mchezo huu.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Waata walikuwa na mali kubwa katika vidole vyao: walijua mti upi hurudi, ukatwe lini, upunguzwe wapi. Mali hiyo haikuwa na daftari, na mbuga ilipofungwa, sehemu kubwa ilikwenda kaburini pamoja na wenyewe. Hadi leo Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, wangali wakichonga pinde na kuwinda kwazo, na watoto wao wangali wakijifunza kwa kutazama. Mahali pengine pengi mlolongo huo umekatika.

Kwa hiyo kijana wa Shianda achongapo upinde wake wa kwanza, na aandike: mti gani, ulikatwa siku gani, ulikauka kwa majuma mangapi, unene wa kila bawa, ratili kwa kila inchi. Na ukivunjika, aandike ulivunjikia wapi, na alikuwa amevuta inchi ngapi. Upinde uliovunjika na kuandikwa humfundisha mchongaji wa pili. Ule uliotupwa jikoni bila kuandikwa haumfundishi mtu. Wazee ambao waliona pinde zikichongwa, hata kama ni kwa mbali tu, na waulizwe mapema, majibu yao yaandikwe katika daftari lile lile. Kisha daftari na upinde vitundikwe pamoja, juu ya boriti, mahali pakavu.